Mapipa ya Lenzi

Asubuhi ile Baba Lenzi aliamka na wimbo mdomoni, jambo lililomshtua mkewe, kwa sababu sauti ya mzee yule ilizoea kukaripia mabomba tu. Alikuwa fundi bomba tangu ujana. Mgongo ulipogoma kuinama chini ya masinki ya watu, akahamia kwenye samaki wa mapambo, wale wadogo wenye rangi za kuringa wanaowekwa sebuleni na watu wenye nafasi. Kibanda chake kilikuwa uani, kimeegemea ukuta wa jikoni. Ndani mlikuwa na matangi ya kioo, mashine ya hewa iliyokoroma kutwa kucha, na mapipa mawili ya plastiki yenye maji ya kijani.

Mapipa hayo ndiyo aliyokuwa ameyalaza uani asubuhi hiyo, akiyasugua kwa brashi mpya, mikono ya shati kaikunja mpaka kwapani.

"Mama Lenzi, njoo uone maajabu!" aliita. "Kumbe rangi yake ni nyeupe! Siku zote hizi nilidhani tulinunua mapipa ya kijani."

Mkewe alitokea mlangoni mwa jikoni, simu mkononi. Siku nyingine angemrudishia utani mpaka ajute kuanza. Leo aliangalia povu likielekea mferejini, akaiangalia simu, kisha akasema tu, "Utaumwa mgongo wewe."

"Acha uniume! Mtoto anakuja, bwana!"

Mama Lenzi akaitia simu mfukoni, akarudi kwenye sufuria zake.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti yao wa pekee. Jina la Lenzi alilipata utotoni, kwa kutembea na kioo cha kukuzia shingoni, akichungulia sisimizi, chumvi na vidonda vya wenzake. Mapipa yalikuwa kazi yake. Zamani samaki wa baba yake walitaga vizuri, mayai yakaanguliwa vizuri, halafu watoto wakafa wote. Mzee alibadilisha maji, akabadilisha matangi, akakaribia kubadilisha dini. Ni Lenzi aliyechungulia na kioo chake akasema, "Baba, hawa hawaumwi. Wanakufa njaa. Chakula unachowapa hakiingii mdomoni." Akaenda kwenye dimbwi nyuma ya shule, akachota, akachuja kwa kitambaa chepesi, akarudi na glasi ya maji ambayo ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kitu kama vumbi linalocheza. Kitabuni vidudu hivyo vinaitwa rotifa. Mama yake alilikataa jina hilo, akasema ni la dawa ya mafua. Nyumbani likawa vumbi, basi. Vumbi likala maji ya kijani, watoto wa samaki wakala vumbi, na nyumba ile ikala kwa watoto wa samaki.

Kisha Lenzi akapata kazi mbali, kwenye kiwanda cha kuzalisha samaki huko ng'ambo, akaondoka. Tangu hapo hakuwa amerudi hata mara moja. Kila alipokaribia kupewa likizo, kitu kilizuka. Baba yake akabaki na mapipa. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alichota maji kwenye glasi, akainyanyua, na akiona vumbi linacheza alihisi kwamba binti yake kaamka salama huko aliko. Hakumwambia mtu. Ungemuuliza kama ni mapenzi, angekwambia ni kazi.

Masharti aliyoachiwa yalikuwa mepesi. Mapipa yasiguswe na sabuni wala dawa yoyote. Na yasioshwe yote mawili kwa pamoja: moja likisuuzwa, jingine libaki na uchafu wake, ili mbegu isipotee. Mzee aliyashika masharti hayo kuliko alivyowahi kushika masharti ya daktari. Ila safari hii Lenzi alikuwa anakuja kweli, likizo ilikuwa imeandikwa, na mzee aliyatazama mapipa kwa macho ya mgeni akaona aibu. Kuta zake zilikuwa na utando mweusi unaonata. Akahamishia vumbi lote kwenye ndoo moja, akamwaga ndani ya mapipa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akasugua, akasuuza, akanusa, akaridhika. Pua ya mtu aliyeshinda kwenye mifereji ya watu maisha yake yote si pua ya kuiamini sana. Kisha akayajaza maji, akarudisha vumbi lote. Hakubakisha hata kikombe cha akiba.

Wala hakuwa amesahau. Alilikumbuka kila neno la binti yake. Ila alikuwa anamwona Lenzi akiingia uani, akitua begi, akishika mdomo: "Baba, umeyatunza!" Na mtu akishaliona jambo kama hilo, masharti huwa madogo.

*

Kesho yake alichota glasi yake, akainyanyua kwenye mwanga. Maji yalikuwa safi kabisa. Hakuna kilichocheza.

Alichota kwenye pipa la pili. Akasubiri maji yatulie. Akafuta glasi kwa shati, akaenda nayo uani penye jua zaidi. Rangi ya kijani yenyewe ilikuwa imefifia, imekuwa ya mkojo. Akachovya kidole pipani akakinusa, na safari hii hata pua ile iliyozeeka ilikamata harufu ya dawa, nyembamba, imejificha chini ya maji. Akakaa juu ya ndoo.

Kwenye tangi la kona, dume la zambarau lilikuwa linazunguka chini ya kiota chake cha povu. Dume hilo lilitokana na ukoo aliouchagua Lenzi kwa mkono wake kabla ya kuondoka, na mzee alikuwa amelipandisha kwa hesabu ya safari, ili binti akute watoto wanaogelea. Sasa walikuwa wameanguliwa. Walining'inia chini ya povu kama nyuzi zilizokatwa, kila mmoja na kifuko cha kiini tumboni. Kiini kikiisha, wataanza kuogelea na kutafuta chakula, na wasipokipata hawachukui muda kufa. Mzee alilijua hilo kuliko jina lake.

"Vipi?" mkewe aliuliza alipoleta chai. "Wanaendelea?"

"Wanaendelea."

"Hilo dume hulitoi? Si ulisema likikaa sana linaweza kuwala?"

"Nalitoa."

"Litoe. Baba akizidi kulinda anaharibu." Alisema kwa mzaha, lakini mzee hakucheka, naye mama akamwangalia kidogo zaidi kuliko kawaida. "Una nini?"

"Nina nini? Sina kitu."

Alichemsha yai, akavuruga kiini chake kwenye maji, akadondosha tone tangini. Maji yakachafuka tu. Akachukua jagi na kitambaa akaenda mwenyewe kwenye dimbwi la nyuma ya shule, anatembea haraka kama anayewahi foleni. Dimbwi halikuwepo. Walikuwa wamelifukia, wakamwaga kokoto, wakapaki magari. Mzee alisimama na jagi lake katikati ya magari ya walimu mpaka mlinzi akaja kumuuliza anatafuta nini.

"Palikuwa na maji hapa," alisema.

"Zamani hizo, mzee."

Alirudi akamkuta mkewe anapepeta mchele. Mama Lenzi hakumuuliza jagi ni la nini. Aliendelea kupepeta, kisha akasema bila kuinua uso, "Kinyozi naye nasikia anafuga siku hizi."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Naongea na mchele."

Habari ya Kinyozi ilikuwa mfupa kooni mwa mzee. Wiki ile ya mwisho kabla Lenzi hajasafiri, Kinyozi alikuja na jagi tupu, anatabasamu, kuomba mbegu ya vumbi. Uani mlikuwa na wateja. Baba Lenzi akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Dimbwi liko nyuma ya shule. Kila mtu achote lake." Watu walicheka. Kinyozi aliondoka na jagi lake, na Lenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama chini. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga kwa Kinyozi. Mkewe ndiye aliyemnyoa, kwa mkasi wa jikoni, na kichwa chake kikawa na ngazi. Kila akipiga simu ya picha, Lenzi alimuuliza, "Baba, leo kakunyoa nani? Panya?" Wakacheka wote, na mazungumzo yao yakaishia hapo, kwenye kichwa na afya na mvua.

Mzee alirudi kibandani akapiga magoti mbele ya tangi. Baadhi ya nyuzi zilikuwa zimeanza kunyooka mlalo na kusogea. Walikuwa wanaogelea. Akachukua jagi na ndoo, akatoka kwa mlango wa mbele ili asipite jikoni.

*

Kwa Kinyozi palikuwa pamejaa. Wateja walikaa kwenye benchi wakitazama tangi la samaki lililowekwa chini ya kioo, na mashine ilinguruma juu ya kichwa cha mtu aliyefunikwa shuka mpaka shingoni. Kinyozi alimwona mzee kwenye kioo, akaliona jagi, akaiona ndoo. Hakugeuka.

"Karibu, Baba Lenzi. Foleni inaanzia mlangoni."

Mzee akakaa mwisho wa benchi, ndoo katikati ya miguu. Kila mtu aliyenyolewa alionekana kuwa na kichwa kikubwa kuliko cha kawaida. Akawa anawaza vifuko vya kiini vinavyosinyaa. Zamu yake ilipofika alisimama na kusema kwa haraka, "Mimi sikuja kunyoa. Nina neno tu, la pembeni."

"Kaa kitini."

"Samaki wangu hawana muda, ndugu yangu."

"Na mimi sina uso wa kukuruhusu utoke mlangoni kwangu na kichwa hicho. Watu watasema nimekufanyia mimi." Benchi zima likacheka. Kinyozi akamfunika shuka, akalikaza. "Nani alikutenda unyama huu?"

"Mke wangu."

"Ulimkosea nini?"

Wakacheka tena. Mzee alijikaza. Mashine ilipopanda kisogoni alianza kwa sauti ndogo, "Siku ile uliyokuja na jagi..."

"Tuliza kichwa, nitakukata sikio." Kinyozi akanyoa upande mmoja mpaka sikioni. Kisha akaizima mashine. Chumba kizima kikasikia alivyoizima. "Siku ile ilikuwaje?"

"Nilikukosea."

"Mimi siku ile niliambiwa mbele za watu, Baba Lenzi."

Mzee alijitazama kwenye kioo, kichwa nusu kimenyolewa, shuka shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Nyuma yake nyuso zote zilikuwa zimetulia, hakuna aliyekuwa anacheka tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alitamani kusimama aondoke. Alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni, huyu. Lakini hawakuwa samaki tu waliomshikilia kwenye kile kiti. Ilikuwa ni glasi ya asubuhi, ile isiyocheza kitu.

"Nilikunyima vumbi," aliwaambia wote kupitia kioo. "Nikakutania mbele za watu wakucheke. Leo langu limekufa. Nimekuja kukuomba."

Kinyozi akawasha mashine. "Haya. Inamisha kichwa tumalizie."

Alipomaliza alimpangusa shingo, akamwambia mteja anayefuata avute subira, akamwongoza mzee kupita pazia mpaka uani. Pale kwenye kivuli palikuwa na pipa moja, limejaa maji ya kijani, kuta zake nyeusi kwa utando. Pembeni palining'inia kitambaa cha kuchujia, kimefungwa kwenye duara la waya kwa utepe mwekundu wa nywele. Mzee aliushika ule utepe. Yeye ndiye aliyemnunulia Lenzi.

"Aliniletea asubuhi ya safari yake," Kinyozi alisema, akiangalia kwingine ili kumpa nafasi. "Gari linamsubiri barabarani, linapiga honi. Kanikabidhi jagi. Kasema nisiguse pipa kwa sabuni, na nisikwambie wewe."

"Kwa nini asiniambie?"

"Muulize mwenyewe. Mimi kinyozi. Siri za watu nafagia pamoja na nywele." Akachota glasi, akampa. Mzee akainyanyua kwenye mwanga. Ndani yake vumbi lilikuwa linacheza, jingi, tele, halina habari na mtu. Akashindwa kuishusha glasi. "Huwa ananipigia kuuliza hali ya pipa," Kinyozi aliendelea huku akichuja. "Jana alikuwa mnyonge sana. Likizo yenyewe ndiyo hivyo wamemnyima. Nikamwambia usivunjike moyo binti, hata mwakani utakuja."

Mzee aliishusha glasi taratibu.

"Ndiyo," alisema. "Alituambia."

Kinyozi akamtazama, akaelewa kwamba hakuwa ameambiwa, akainama kwenye kazi yake. Akamjazia jagi vumbi lililochujwa la kulisha, na ndoo ya mbegu pamoja na maji yake ya kijani. Malipo alikataa. Hata ya kunyoa alikataa.

*

Mama Lenzi alikuwa amekaa kibandani, kwenye kigoda cha mumewe, mbele ya mapipa meupe. Aliona ndoo, akaona kichwa.

"Ulijua," mzee alisema.

Mkewe hakujifanya kutoelewa. "Aliniandikia alfajiri ile, kabla hujashika brashi. Nikashika simu nije nikuonyeshe. Nikakukuta unaimba."

"Ungesema tu."

"Ungeweza wewe? Hujaimba tangu aondoke. Nikasema nikuache leo, nitakwambia kesho. Kesho yake nikakuona na lile jagi, nikajua kimekupata kitu, nikaogopa kukuongezea."

"Ungeniambia nisingemwaga dawa."

Lilikuwa neno la kweli, na lilimwingia mama kama mwiba. Alishika shavu, machozi yakamtoka bila sauti. Mzee akaona alichokifanya. Akatua ndoo.

"Na mimi ningefuata masharti lisingekufa," alisema. "Tuache. Njoo unishikie jagi."

Wakadondosha vumbi tangini kidogo kidogo. Kwa macho ya mzee hakuna kilichobadilika. Mama Lenzi ndiye aliyenyoosha mkono kwenye msumari, akatungua kioo cha kukuzia ambacho binti yao alikiacha, akakiweka mbele ya tangi na kukunja uso. Alikaa hivyo muda mrefu. Watoto wa samaki walikuwa wanajikunja na kujirusha, wanajikunja na kujirusha.

"Wanakula," alisema. "Wengine wamekufa kule chini. Lakini hawa wanakula. Baba Lenzi, wanakula, matumbo yao yanajaa!"

Mzee hakukiomba kile kioo. Alimtazama tu mkewe akitazama.

Jua lilikuwa bado halijashuka walipopiga simu. Lenzi alitokea amevaa ovaroli la kazini, nyuma yake matangi marefu kuliko nyumba yao. Alikuwa amekonda. Baba yake aliona hilo kwanza, na akamtamani aje ale mbele yake, amwone anamaliza sahani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kuhusu likizo, nilitaka nikwambie mwenyewe, ila..." Akakatiza. Akasogeza uso kwenye simu. "Hebu geuka. Geuka kidogo. Baba, nani kakunyoa?"

"Kinyozi."

Lenzi akashika mdomo.

"Vumbi limekufa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Lote."

"Ukaenda kwake? Mwenyewe?"

"Kwa miguu yangu. Nikamwomba mbele za watu." Mzee akaisogeza simu karibu. "Ulimpa ukanificha. Hukuniamini?"

"Kwa vumbi nilikuamini, Baba. Kwa watu ndiyo sikukuamini. Niliogopa utakuja kukwama siku moja na mimi sipo, na hutakuwa na mlango wa kugonga."

Mzee alitikisa kichwa chake kipya. Mahali fulani nyuma ya Lenzi mtu alimwita. Hakuitika.

"Lakini limekufaje? Nionyeshe mapipa."

"Achana na mapipa. Nikuonyeshe watoto, wanakula..."

"Baba. Mapipa."

Akaigeuza simu. Mapipa yalikuwa yamesimama ukutani, meupe, yanang'aa kwenye jua la jioni kama vitu vya dukani.

"Mbona meupe hivyo?"

"Niliyaosha. Kwa dawa. Yote mawili."

"Wewe, Baba? Wewe usiyeruhusu hata Mama apite na sabuni? Kwa nini?"

Mama Lenzi akamshika mumewe kiwiko. Mzee alijaribu kutafuta neno jingine, la kikazi, lenye heshima ya mtu mzima. Hakulipata.

"Nilidhani unakuja," alisema.

Mashine ya hewa iliendelea kukoroma. Kwenye simu Lenzi alikuwa ameugeuza uso pembeni, anajifuta kwa mkono wa ovaroli, na mtu yule nyuma yake alimwita tena. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"La Kinyozi umeshalimwaga humo?"

"Bado. Liko kwenye ndoo. Naogopa."

"Usilimwage. Mwaga maji hayo yote kwanza, uyasuuze mapipa, uyaanike juani yakauke kabisa mpaka harufu iishe. Mpe Mama anuse, wewe usinuse." Mama Lenzi akacheka huku analia. "Na usiyaoshe tena, Baba."

"Hata ukija?"

"Hata nikija. Nataka niyakute machafu."

"Sawa," mzee alisema. "Utayakuta."